Yule wa Pikipiki

Katibu alikuwa na chombo cha magurudumu mawili ambacho mpaka leo sijui kiitwe nini. Naanza na chombo kwa sababu mwenyewe asingependa nianze naye. Ukimuuliza kwao, alisema Tanga, basi. Ukimuuliza alikuwa katibu wa nini, alijibu, "Katibu tu." Miaka yote tuliyoishi ghorofa moja pale Crescent Town, jijini Toronto, mlango wake ukitazama wetu, hakuna aliyejua kama ukatibu ule ulikuwa wa chama cha ushirika, wa msikiti au wa timu ya mpira. Lakini jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Hata meneja wa jengo alimwita Mista Katibu, akidhani ndilo jina la ukoo.

Chombo chenyewe kilikuwa chekundu, rangi imepauka ubavuni kwa kusuguliwa na ukuta wa lifti. Kilikuwa na kiti kipana cheusi, taa kubwa mbele, vioo viwili vya pembeni, honi, na mahali pa kuweka miguu kama kwenye skuta za zamani. Kilikwenda kwa betri. Mtu yeyote mwenye macho angesema ni pikipiki.

"Hapana," Katibu alisema. "Kisheria hii ni baiskeli."

"Baiskeli iko wapi hapo, Katibu?"

"Wewe unaitazama, mjukuu wangu. Usiitazame. Isome."

Nami nilijaribu kuisoma. Alinikalisha kwenye kiti chake cha plastiki karibu na dirisha, akanimiminia chai ya tangawizi, akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Sheria ya jimbo, alisema, inasema chombo chenye mota ndogo ya umeme, kisichozidi kilomita thelathini na mbili kwa saa, chenye pedeli, ni baiskeli. Hakitaki leseni, hakitaki namba, hakitaki bima. Kinataka helmeti tu. Toa pedeli, na chombo kile kile, betri ile ile, mzee yule yule juu yake, kinakuwa chombo cha moto. Sasa kinataka leseni ya pikipiki, namba na bima.

"Kwa hiyo tofauti ya baiskeli na pikipiki ni pedeli?"

"Tofauti ya baiskeli na pikipiki ni jina. Pedeli ni ushahidi."

Niliitazama picha ile kichwani kwangu mara nyingi: mzee amekaa kitini anapita barabara ya Danforth kimya kimya, na chini yake pedeli mbili zimening'inia bila kazi, zikithibitisha jambo ambalo hakuna aliyekuwa analifanya.

Alifuata sheria za vyombo hivi jinsi Kevo, jirani yetu wa Nairobi anayepeleka chakula majumbani kwa baiskeli ya umeme, alivyofuata mpira wa Uingereza. Kilichomfurahisha zaidi ni vile viti vya umeme vya wazee na wagonjwa, vya magurudumu matatu au manne, ambavyo kwa Kiingereza navyo huitwa skuta. Hivyo, kwa sheria, si vyombo. Aliyekaa juu yake ni mtembea kwa miguu. Anapita njia ya waendao kwa miguu, anavuka na waendao kwa miguu.

"Mtu anayetembea kwa miguu akiwa amekaa!" alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nani aliliandika hili? Nataka nimpe mkono."

Kilichomsikitisha ni zile skuta nyembamba za kusimama, ambazo vijana hukanyaga kama ubao. Zinauzwa madukani, mchana kweupe, zimepangwa dirishani. Lakini mji wetu hauziruhusu barabarani, wala njia ya miguu. Miji mingine ya jimbo hili hili imeziruhusu. Ukivuka mpaka wa mji, skuta ile ile inaacha kuwa kosa. Katibu alisimama mbele ya dirisha la duka moja, mikono nyuma, akazitazama kama mtu anayetazama wafungwa.

"Mtu anunue aipeleke wapi?" alisema. "Sebuleni?"

Kisha akanikumbusha kwamba kuna sheria ya jimbo, kuna ya mji, na kuna ya jengo, na zote tatu hazisalimiani.

Kwa Kiswahili, ugumu uliongezeka. Mama yangu aliviita vyote skuta: cha Katibu, cha bibi wa ghorofa ya pili anayetembea akiwa amekaa, na cha yule kijana wa kusimama. Kevo aliita chombo cha Katibu nduthi.

"Budaa, hiyo nduthi yako inapiga ngapi?"

"Hii si nduthi, kijana. Nduthi ni nini?"

"Ni pikipiki."

"Basi hii si pikipiki."

"Sawa, budaa. Hiyo baike yako yenye haina pedo inapiga ngapi?"

Hapo Kevo alikuwa amegusa penyewe. Pedeli hazikuwepo. Mwenyewe alizifungua mwaka wa kwanza, kwa sababu zilimgonga ugoko na kunasa kanzu siku za Ijumaa. Mtu aliyenisomesha kwamba pedeli ndiyo ushahidi alikuwa amefungua ushahidi kwa spana, akaufunga kwenye mfuko wa plastiki, akauweka chini ya sinki la jikoni.

Nilimuuliza inakuwaje.

"Ninazo," alisema.

"Lakini hazipo kwenye chombo."

"Wewe cheti chako cha kuzaliwa unakivaa?"

Ndani ya mtu yule palikuwa na hakimu na mtuhumiwa, na walikunywa chai pamoja. Njia ya bondeni, kando ya kijito, ingemfupishia safari, lakini hakuipita akiwa amewasha chombo, kwa kuwa vyombo vya aina yake haviruhusiwi mle. Alishuka, akazima, akakikokota mteremko mzima akihema, kwa sababu akikikokota anakuwa mtembea kwa miguu. Watu wa mbio walimpita, wakamtazama. Naye akawasalimia kwa kuinua vidole viwili, kofia ya kushonwa kwa mkono ikichungulia chini ya helmeti yake nyeusi, mwili umelowa jasho kwa utiifu kwa sheria, kando ya chombo ambacho chenyewe kilikuwa kinavunja sheria kila kinapofika barabarani.

Gari alishakatazwa, kwa sababu ya jicho la kushoto. Alipimwa, wakamwambia leseni basi. Sheria iliyomnyima usukani kwa sababu ya jicho haikuwahi kumuuliza jicho alipopanda baiskeli. Mama yangu aliliona hilo ni jambo la kutisha. Mimi sikuliona vizuri, mpaka siku aliyonichukua kwenda kumwona mkewe, yeye kwa chombo chake, mimi nikitangulia kwa basi.

Mkewe, ambaye sisi tulimwita Bi Katibu, alikuwa kwenye nyumba ya wazee upande wa Scarborough. Alikuwa amesahau vitu kwa mpangilio ambao sikuuelewa. Alisahau Toronto kwanza, yote, theluji na simu na watoto waliohamia Alberta. Kisha akasahau Kiingereza. Kisha akamsahau mumewe. Alibaki na Kiswahili safi na Tanga, na wahudumu, watu wema waliotoka nchi za mbali, walimsemesha kwa ishara. Chakula alikikataa. Hakula mkononi mwa mtu asiyemjua, na alikuwa hamjui mtu.

Isipokuwa mmoja. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama uwanja wa magari. Adhuhuri Katibu aliingia uwanjani taratibu, akapiga honi, akavua glavu, akaangalia juu. Na yule mama, ambaye asubuhi yote alikuwa amekaa kama nguo iliyotundikwa, aligeuza shingo.

"Amekuja," aliniambia siku ile, nami nimesimama nyuma ya kiti chake. "Yule wa pikipiki."

Katibu alipanda na chupa ya uji wa mchele wa nazi. Hakuvua helmeti mpaka alipomaliza kumsalimia. Bi Katibu alikula kijiko baada ya kijiko, anamtazama yeye tu, na alipotosheka alimpangusa Katibu vumbi begani, polepole, kama mtu anayesawazisha shuka.

Nikangoja Katibu asahihishe. Alikuwa anatusahihisha sote. Alimsahihisha Kevo, alimsahihisha mama yangu, aliwahi kumsahihisha imamu. Neno pikipiki lilipita mbele yake mara tatu au nne mchana ule, naye aliliacha lipite.

Majira ya baridi kali, barabara zikiwa barafu tupu, alikwenda kwa mabasi mawili, na siku hizo mkewe hakumjua na hakula. Alirudi na chupa ya uji imejaa. Tulimsikia koridoni, tulijua kwa mlio wa viatu tu. Mama yangu aliliombea jua litoke kama watu wa kwao wanavyoombea mvua.

Kwa hiyo jambo hili la jina la chombo, ambalo mimi nililichukulia kama mchezo wa mzee, halikuwa mchezo. Siku sheria ikikiita pikipiki, hakitatembea. Siku kisipotembea, kuna mtu asiyekula.

Na kilichokuja kukiharibia si polisi, wala si jicho. Ni neno.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Katibu alikuwa anashusha chombo kwa lifti, kama kawaida, kimesimamishwa wima kiasi ili kienee. Siku hiyo gurudumu la mbele likanasa kwenye mlango, mlango ukawa unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, ukimbana mzee kwa ndani. Mama Furaha, jirani yetu wa Bukavu, alikuwa anatoka na kikapu cha nguo. Kwao pikipiki ni moto, neno walilolichukua kwenye Kifaransa. Alipoona hali ile akatupa kikapu, akapiga kelele koridoni:

"Moto iko mu asanseri! Jamani, moto iko mu asanseri, na Katibu iko ndani!"

Mama yangu alikuwa jikoni. Yeye ni mtu wa Tanga. Kwake moto ni moto.

Sijamwona mama yangu akikimbia namna ile kabla wala baada. Aligonga milango yote kwa ngumi, "Moto! Moto kwenye lifti! Katibu anaungua!", na mwisho wa koridoni akavuta kile kidude chekundu ukutani. King'ora kikalia jengo zima. Watu wakashuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, watoto migongoni, pasipoti vifuani, mtu ameshika televisheni, mama yangu amebeba mtoto wa jirani mkono mmoja na sufuria ya maharage mkono wa pili. Tukajaa kwenye majani nje, tukiangalia juu tukitafuta moshi. Mama yangu alikuwa analia kwa sauti. Magari ya zimamoto yakaingia.

Zimamoto walipofika ukumbi wa chini, kumbe Katibu alikuwa amefanikiwa kunasua gurudumu, na lifti, kwa jinsi ilivyotengenezwa, king'ora kilipolia ikashuka yenyewe. Mlango ukafunguka mbele ya shoka, mipira ya maji na umati. Katibu akatoka taratibu, helmeti kichwani, ameshika usukani.

"Asalaam alaykum," alisema. "Kuna nini?"

Mama yangu aliweka mtoto chini, akaweka sufuria chini, akamgeukia Mama Furaha.

"Wewe si umesema moto!"

"Nilisema moto! Sikusema moto!"

"Unasikia mwenyewe unavyosema?"

"Mama, moto! Moto yake! Ile!" Mama Furaha alikinyooshea kidole chombo. "Moto ya kuwaka sisi tunasema moto, na moto ya kupanda tunasema moto. Unataka niseme nini?"

"Useme skuta!"

"Skuta ni ya bibi wa chini!"

"Nduthi," Kevo alisema kutoka nyuma, na watu wakaanza kucheka, kicheko kile cha kutetemeka cha watu waliokuwa wanakufa dakika chache zilizopita. Nilicheka mimi pia. Katibu hakucheka. Alikuwa anatazama watu: wazee bila viatu, mama mmoja amefunika mtoto kwa zulia. Aliwatazama mmoja mmoja.

Miongoni mwa waliokuja na zimamoto, mmoja alikuwa polisi. Alikuwa kijana mpole, akaongea kwa Kiingereza cha pole pole kama watu wanavyoongea na wazee. Alikizunguka chombo. Akachuchumaa.

"Pedeli ziko wapi, baba?"

"Jikoni," Katibu alijibu.

Polisi akasimama, akajikuna shingo. Akamweleza mambo yale yale Katibu aliyokuwa amenieleza mimi, kwa mpangilio ule ule. Bila pedeli hii si baiskeli. Ni chombo cha moto kisicho na namba, kisicho na bima, na mwenye nacho hana leseni. Leo hajamwona barabarani, amemwona kwenye lifti, na lifti si barabara. Lakini akimkuta Danforth kikiwa hivi, kitachukuliwa na gari la kuvuta.

"Naijua sheria," Katibu alisema.

"Basi unajua kuliko mimi," polisi alisema, na nadhani alimaanisha. "Zirudishe tu, baba."

Zilirudishwa Jumapili. Kevo alizifunga, pale kwenye maegesho, akilalamika kwamba nyuzi za nati zimelika. Nusu ya jengo ilisimama kutazama. Katibu alipanda, akazima betri, akataka kuona kama kweli baiskeli yake ni baiskeli. Akaweka mguu wa kulia, akasukuma. Chombo hakikutikisika. Akaweka uzito wote. Kikaenda urefu wa jamvi la kuswalia, kikasimama, kikalala ubavu polepole, naye pamoja nacho.

"Katibu, unaendesha ng'ombe!" mtu alipiga kelele.

"Budaa, usipige pedo," Kevo alisema akimwinua. "Hizo ni za kuonyesha yule karao wa jana. Washa umeme, uende."

"Sheria inasema pedeli zinazofanya kazi."

"Si zinafanya?"

"Zinafanya kazi kwa nani?"

Hata hivyo aliwasha, akaenda. Jumatatu alikwenda, Jumanne alikwenda, Ijumaa alikwenda, pedeli zikimgonga ugoko, kanzu imepandishwa na kufungwa kiunoni. Sheria ya jimbo ilikuwa imeridhika. Nikadhani yamekwisha.

Kisha ikabandikwa karatasi kwenye lifti. Kwa sababu ya tukio la Jumamosi, na kwa usalama wa wote, betri za vyombo vyote vya umeme, ambazo zaweza kuwaka moto, hazitachajiwa tena ndani ya nyumba wala kwenye maghala ya jengo. Viti vya wagonjwa havihusiki. Niliisoma mara mbili. Tukio la Jumamosi. Nilitaka kumtafuta meneja, nimwambie hapakuwa na tukio, mwanamke mmoja alisema moto na mwingine akasikia moto. Nikajaribu kumwambia. Kwa Kiingereza hadithi ile haina maana. Meneja alinisikiliza kwa upole, akasema, "Kwa hiyo hamkuwa na uhakika kama kuna moto au hakuna," nikasema ndiyo, akasema, "Ndiyo maana tumeandika."

Kevo alichaji yake chumbani, taulo limesokomezwa chini ya mlango. Akaja kwa Katibu, mimi nikiwa pale.

"Budaa, leta betri kwangu. Asubuhi unachukua imejaa. Nani atajua?"

Katibu alikuwa anaosha chupa ya uji. Hakugeuka.

"Siku ile moto haukuwepo," alisema. "Lakini sura za watu zilikuwa za moto kweli. Siwezi kulala juu yao na betri, nikiwa nimeshaziona."

"Na mama kule Scarborough je?"

Katibu akafunga bomba.

"Mama nitaona," alisema.

Nilimkasirikia. Nilirudi kwetu nimemkasirikia, nikamwambia mama kwamba mzee huyu anavunja sheria ya nchi miaka yote kwa sababu ya ugoko, leo anaitii sheria ya karatasi ya lifti na mkewe hali. Mama alikuwa amechakaa tangu siku ile. Alichosema, baadaye, ni kwamba Mama Furaha ameleta sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na kwamba wamepatana neno la kutumia watakapoona moto tena. Nilipouliza ni neno gani, alisema bado wanalijadili.

Chombo kikawekwa kwenye ghala la baiskeli chini, kimefunikwa shuka, betri imekufa. Sheria ya jimbo inakiita baiskeli, sheria ya mji inakiruhusu barabarani, na hakiendi popote.

Mara ya mwisho niliyokwenda naye ilikuwa mwezi uliofuata. Wahudumu walikuwa wamempigia. Bi Katibu alikuwa anapungua, walisema. Akiendelea hivi watamlisha kwa mpira wa puani. Nilimkuta koridoni anafunga mlango, amevaa koti la mvua, glavu, na ile helmeti nyeusi, mkanda umefungwa kidevuni.

"Shikamoo, Katibu. Umetengeneza betri?"

"Marahaba. Hapana. Twende, basi litatuacha."

Tukapanda basi. Alikaa siti ya mbele, ya wazee, mgongo wima, mikono juu ya magoti, helmeti kichwani. Watu walimwangalia, wakaangalia pembeni. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kitu kwa Kiingereza, mama akamnyamazisha. Mimi nilisimama karibu nimeshika nguzo, sijui kama niseme naye au nijifanye simjui.

Tulipopita daraja, aliongea, bila kunitazama.

"Unajua wakati ule Tanga mimi nilikuwa na baiskeli."

"Hukuwahi kuniambia, Katibu."

"Baiskeli kweli. Ya kukanyaga." Aligusa mkanda wa kidevuni. "Pikipiki alikuwa nayo mtu mwingine."

Basi likasimama, watu wakashuka, wengine wakapanda. Nilitaka kuuliza. Nikafikiria dirisha lile, na shingo ile inavyogeuka, na mkono ule ukipangusa vumbi begani, na vijiko vyote vile vya uji. Yeye alikuwa amemaliza kusema. Alikuwa anaangalia nje, kwa jicho lake moja zuri, maduka ya Eglinton yakipita.

Hapakuwa na honi uwanjani. Tuliingia kwa mlango kama watu wa kawaida. Bi Katibu alikuwa kitini karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha, khanga imemzidi mabega. Aligeuka. Alimtazama usoni kwanza, na uso ule haukumwambia kitu, niliona. Kisha macho yakapanda kwenye helmeti.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa," Katibu alisema.

"Pikipiki iko wapi?"

Katibu alinitazama. Ni mara pekee aliyonitazama kama anayeomba msaada, na mimi sikuwa nao. Nilimwona akifungua mdomo, na nilijua maneno yaliyokuwa mle ndani, nilikuwa nimeyasikia mara ngapi, kwenye lifti, kwenye maegesho, kwenye kiti cha plastiki: kisheria hii ni. Akafunga mdomo. Akafungua tena.

"Iko chini," alisema.

"Umeizima?"

"Nimeizima."

Akavuta kiti, akafungua chupa, akamimina. Uji ukadondokea glavu. Bi Katibu alikula. Kijiko cha kwanza alikishikilia mdomoni muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka kinachofuata, kisha akameza. Cha pili kikaenda upesi. Mhudumu alichungulia mlangoni, akaona, akajishika kifua, akaondoka kwa vidole vya miguu.

Uji ulipoisha, Bi Katibu alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akasogea mbele ya kiti.

"Haya, nipakie basi," alisema. "Wasituone."

Nilidhani atamwambia bado, au kesho, au mvua inanyesha. Katibu alisimama. Akageuza kiti chake, akakiweka mbele ya cha mkewe, akaketi akimpa mgongo, akinyoosha mikono mbele kwa ngumi mbili kama aliyeshika usukani. Bi Katibu akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, akaweka shavu kwenye koti la mvua, akafumba macho.

Kisha Katibu akaanza kunguruma. Alianza chini, kooni, kwa aibu, halafu akaipandisha, akabadili gia, akanguruma tena, kwa mdomo, mtu mzima, kwenye chumba kile chenye harufu ya sabuni, akiinama kidogo kulia, akiinama kidogo kushoto.

"Punguza mwendo," Bi Katibu alisema.

Akapunguza.